Uzi maalumu: Kujua mwaka halisi wa Land Rover pikapu ya zamani (tuanze na hizi 109 zilizojaa Mtwara na Lindi)

#1 MtuWaShangani

Wakuu, salaam.

Msimu wa korosho ukikaribia, pikapu za zamani zinaanza kutolewa mabandani huku kwetu. Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea mpaka Liwale, utakuta Land Rover 109 (inchi 109 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma) imeoshwa, imepigwa rangi, inatafutiwa mteja. Na kila ikitaka kuuzwa unazuka ubishi uleule: hili gari la mwaka gani? Mwenye gari anasema 1962 kwa kuwa marehemu baba alisema hivyo. Kadi inasema 1975. Fundi anatupia jicho taa za mbele, anasema hii Series III, kesi imeisha. Mnunuzi anamfuata aliyepaza sauti zaidi, halafu wiki inayofuata yuko dukani na spea zisizoingia.

Nimekaa na magari haya gereji muda mrefu, na sasa nimeachiwa moja na mjomba wangu, Newala. Naandika hapa ninachokijua ili kikae mahali pamoja. Wenye kujua zaidi waongeze.

Msimamo wangu nauweka mapema: mwaka wa gari unatafutwa kwenye chasisi. Vingine vyote, taa, shoo (ule wavu wa mbele ya rediata), milango, boneti, madigadi, injini, giaboksi, vinafunguliwa kwa spana, na huku kwetu vimeshafunguliwa sana. Tukumbuke kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa 2003 barabara ya kusini ilikuwaje. Masika yakikolea, gari likivunjika Kilwa au Mtama hakuna aliyesubiri spea ya mwaka uleule. Lilifungwa kilichopatikana, safari ikaendelea.

Historia kwa kifupi. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam, Aprili 1948. Hiyo na wadogo zake mpaka 1958 tunaziita Series I. Series II ilianza 1958, IIA ikaja 1961, Series III ikaanza 1971 na kuendelea mpaka 1985. Pikapu ndefu ya inchi 109 ilianza mwishoni mwa 1956. Kabla yake, tangu 1954, ndefu ilikuwa ya inchi 107.

Kwa hiyo kifaa chako cha kwanza ni futi kamba. Nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande uleule. Ukipata sentimita 277, hiyo ni 109. Ukipata 224, ni 88, ile fupi. Ukipata 272 umeshika 107, na hizo ni adimu, naomba unitafute kabla hujamruhusu mtu yeyote kuikata. Ukipata 279 na chini kuna koili springi, hiyo ni One Ten, imeanza 1983, haihusiki na uzi huu hata kama bodi yake inafanana.

Sasa namba. Kwa Series II, IIA na III zenye usukani wa kulia, lala chini mbele ya gari, tazama ncha ya boriti ya chasisi upande wa kulia, pale jicho la springi ya mbele linapofungwa kwa bolti. Namba imegongwa pale ubavuni. Mara nyingi hutaona kitu, utaona tope, grisi ya miaka na kutu. Hapa ndipo watu wanaharibu, kwa hiyo niende polepole.

Jioni pakaa mafuta ya taa eneo lote, acha yalale. Asubuhi sugua kwa brashi ya waya, kwa mkono. Grinda usiisogeze kabisa. Tarakimu zile zimegongwa kina kidogo tu, na upepo wa chumvi wa huku pwani umeshakula nusu yake. Grinda ikipita mara moja umefuta cheti cha kuzaliwa cha gari. Ukishafika kwenye chuma, futa kwa kitambaa kikavu, chukua unga wa muhogo, upake, kisha pitisha kiganja juu. Unga unabaki ndani ya tarakimu na zinasomeka. Zikigoma, bandika karatasi nyembamba na usugue juu yake kwa penseli laini, kama watoto wanavyonakili sarafu kwenye daftari. Piga picha mwanga ukitokea pembeni, asubuhi au jioni, usitumie mwanga wa kamera wa moja kwa moja.

Ukiipata namba, tarakimu tatu za kwanza ndizo zinazosema wewe una nini. Nataja za usukani wa kulia zilizotengenezwa kwa soko la nje, maana ndizo tunazokutana nazo zaidi:

152 ni Series II, 109 ya petroli. 157 ni hiyohiyo ya dizeli. Hizi zina bahati: tarakimu ya nne ni mwaka. Ukiona 1529 ni 1959, 1520 ni 1960.

252 ni Series IIA, 109 ya petroli. 277 ni IIA ya dizeli. Zenye silinda sita, petroli lita 2.6, zilizoanza 1967, ni 346.

912 ni Series III ya petroli, 917 ya dizeli.

Ukikuta 253 au 278 kwa IIA, 913 au 918 kwa Series III, hizo zilisafirishwa zikiwa vipande zikaunganishwa nje ya Uingereza. Namba ilipangwa Uingereza, kuunganishwa kulifanyika baadaye, kwa hiyo usishangae mwaka wa kuandikishwa ukiwa mbele kidogo.

Namba ikianza na herufi SAL na ikiwa na jumla ya herufi na tarakimu 17, gari ni la mwishoni mwa 1979 au baadaye. Huko hakuna mjadala.

Kuna jambo linalowachanganya wengi kwenye IIA na III, nalo ni herufi moja mwishoni mwa namba: A, B, C na kuendelea. Watu wanaigeuza kuwa mwaka. Si mwaka. Inaonesha mabadiliko ya ufundi yaliyo muhimu kwa matengenezo, na kwa hiyo inakufaa sana unapoagiza spea. Iandike kwenye simu yako pamoja na namba nzima.

Naishia hapa kwanza. Tupieni namba zenu, lakini zifiche tarakimu za katikati, mtandaoni kuna kila aina ya watu.

#2 KoroshoGhafi

Ahsante mkuu, uzi wa maana sana huu. Mimi niko Tandahimba. Ninayo ya marehemu baba, dizeli, kadi inasema 1971. Kesho nikirudi shamba nitalala chini yake. Swali: kama namba inataja Series IIA tu, hiyo ni miaka kumi, 1961 mpaka 1971. Unajuaje ni mwaka upi ndani yake?

#3 MtuWaShangani

Swali zuri mkuu, na hapo ndipo kazi ilipo. Tarakimu zinazofuata ni za mfululizo, kwa hiyo namba ndogo ni gari la mapema. Lakini kupata mwaka bila rekodi za kiwanda inabidi uligeuze gari upande kwa upande. Kwa IIA mimi natafuta vitu hivi.

Waipa. Za mwanzo zina mota ndogo juu ya fremu ya kioo cha mbele, unaiona kwa macho, na ya abiria nayo ina mota yake kama ipo. Za baadaye zina mota moja iliyofichwa nyuma ya dashibodi inayoendesha zote mbili. Mabadiliko hayo yanaangukia 1967.

Umeme. Mpaka kufikia 1967, waya wa chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Baada ya hapo ni hasi kama magari ya leo. Hapa lazima uangalie ushahidi wa zamani, maana mafundi wengi wamegeuza ili wafunge redio.

Saa za dashibodi. Kwenye IIA zote ziko katikati, si mbele ya dereva. Zikiwa mbele ya dereva ni Series III au umewekewa dashibodi ya Series III. Ndani ya IIA yenyewe, saa ya pili ya zamani inaonesha mafuta na ampea. Ya kuanzia mabadiliko ya 1967 inaonesha mafuta na joto la maji.

Taa kubwa. IIA nyingi zina taa katikati, zimeshikana pande mbili za shoo. Zilianza kuhamia kwenye madigadi 1968 kwa baadhi ya nchi za nje na kufika 1969 zikawa zimehama zote. Shoo nayo ikabadilika ikawa ya waya yenye umbo la msalaba. Shoo ya plastiki ni ya Series III.

Bawaba za milango. II na IIA zimetuna, ukipitisha mkono zinakukwaza. Za Series III zimelala bapa.

Gia. Kwenye Series III gia zote nne za mbele zina sinkro, yaani zinaingia laini bila kukwaruza. Kwenye II na IIA ni ya tatu na ya nne tu. Dereva yeyote mzee atakwambia bila kufungua kitu.

Lakini narudia, hivi vyote ni vya kufunguliwa. Kimoja hakitoshi. Tafuta vitano vinavyokubaliana.

#4 BabuWaNachi

Wajukuu, nimesoma kwa furaha. Hapa Nachingwea tuna Land Rover pikapu kwa jirani yangu, na toka tukiwa vijana tunaambiwa ni ya mradi wa karanga wa Mwingereza. Wenye gari wanataka kuiuza kwa bei ya kumbukumbu. Je, hilo linawezekana?

#5 MtuWaShangani

Shikamoo babu. Nashukuru kwa kuja, maana habari za mradi ule watu wa Nachingwea mnazijua kuliko vitabu.

Babu, hapa tarehe zinatusaidia. Mradi wa karanga ulianza 1947 na serikali ya Uingereza ikaufunga Januari 1951. Land Rover zimeanza 1948. Kwa hiyo gari la mradi linawezekana kabisa kuwepo, lakini lazima liwe lile fupi la mwanzo, inchi 80, sentimita 203. Miaka ile hakukuwa na ndefu ya aina yoyote. Na lile la mwanzo kabisa taa zake zilikuwa nyuma ya wavu wa shoo, ukilitazama mbele unaona wavu mtupu na taa zinachungulia ndani.

Naomba babu umtume kijana na futi kamba. Likiwa 203, tafadhali msiliuze kwa mtu wa vyuma chakavu wala msibadilishe hata bolti, nitakuja mwenyewe. Likiwa 277, wazee watakuwa wamelirithisha jina la mahali. Mashamba yale yaliendelea kulimwa baada ya mradi kufungwa, na gari lililofanya kazi pale miaka ya sitini lingeweza kuitwa la karanga na watu wote bila uongo wowote. Na Nachingwea ilipita magari mengi miaka hiyo. Kambi ya Frelimo ilikuwa hapo.

#6 BabuWaNachi

Marahaba mjukuu wangu. Kijana amepima. Ni 277, na taa ziko kwenye madigadi. Nitawaambia wenye gari kwa upole. Bado ni gari zuri, linapanda mlima na gunia kumi na tano za ufuta.

#7 FundiBodiMasasi

Mimi niongezee la bodi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Beba sumaku ndogo ya spika mbovu. Pitisha madigadi, milango, boneti na ubavu wa tenga, sehemu ya mizigo. Ikinasa mahali, bati hilo limefinyangwa gereji kwa chuma cha kawaida, huku Masasi tumefanya hivyo sana, kwa hiyo usilitumie kukisia mwaka. Isiponasa, huenda ni la asili au limetoka kwenye Land Rover nyingine.

Sehemu nyingine ambayo si rahisi kubadilishwa ni ule ukuta wa chuma kati ya injini na kebini, unaoshika pedali na dashibodi. Kuutoa ni kuvua gari zima. Ukuta wa IIA na wa Series III haufanani ndani, pale saa zinapokaa. Kwa hiyo ukikuta mbele kote ni Series III lakini ukuta una saa katikati kwa asili, hilo ni gari la zamani lililopata ajali ya mbele. Nimeshaona nyingi.

#8 MtuWaShangani

Fundi, umemaliza. Na hilo la ukuta ndilo gari langu lenyewe, kwa hiyo nilielezee, litawasaidia wengine.

Gari la mjomba mbele lina shoo ya plastiki na taa kwenye madigadi. Kadi inasema 1975. Yeyote atakayelitazama barabarani Newala atasema Series III, na kadi inamuunga mkono. Nikasafisha chasisi: inaanza na 252. Hiyo ni IIA ya petroli, haiwezi kuvuka 1971. Nikafungua mlango: bawaba zimetuna. Saa ziko katikati, na ukuta haujawahi kuguswa, rangi ya kijani ya kwanza bado ipo chini ya dashibodi mahali ambapo brashi haifiki.

Halafu taa. Nilifuata waya wa taa ya kulia kutoka kwenye digadi kurudi nyuma. Karibu na rediata umeungwa kwa tepu ya zamani ya kitambaa, na kutoka hapo kurudi ndani ni waya wa kiwandani uliosukwa kwa nyuzi. Kipande kilichoongezwa kina urefu wa kutoka katikati hadi kwenye digadi. Maana yake taa zilipotoka kiwandani zilikuwa katikati, kwa hiyo halifiki 1969. Mota ya waipa ni moja, nyuma ya dashibodi, na saa ya pili ni ya joto la maji. Kwa hiyo si kabla ya 1967.

Nimebaki na 1967 na 1968. Hapo nahitaji fundi umeme, najua yumo humu.

#9 UmemeWaGariLindi

Nimeitwa nimekuja. Vifaa vingi vya umeme vya Land Rover hizi ni vya kampuni ya Lucas, na Lucas walikuwa wanagonga tarehe kwenye chuma cha kifaa chenyewe. Tazama dinamo, stata, distributa, kile kiboksi cha kudhibiti chaji, mota ya waipa. Utaona namba ya aina, namba ya spea, halafu pembeni tarakimu chache kama 4 68. Ya mwisho ni mwaka. Safisha kwa kitambaa chenye petroli, usikwangue, maana zimegongwa juujuu.

Usikisome kimoja. Dinamo inabadilishwa kila mara. Kiboksi cha chaji na mota ya waipa vinakaa muda mrefu, hivyo mimi ndivyo ninavyoviamini. Vitatu vikikubaliana ndani ya miezi michache, gari limetoka kiwandani muda mfupi baada ya hapo.

Ukikuta alteneta badala ya dinamo, ama ni Series III ama fundi kama mimi alikupendelea.

#10 MtuWaShangani

Ahsante sana kaka. Nimetoka uani sasa hivi. Kiboksi cha chaji kinasema 67, mwishoni mwa mwaka. Mota ya waipa na stata vyote 68, mwanzoni. Dinamo ni ya 73, hiyo ilibadilishwa.

Basi gari la mjomba ni la 1968. Nadhani 1975 ni mwaka aliolinunua kutoka shirika moja, likaandikishwa kwa jina lake na tarehe ikaingia pale.

#11 DalaliMkweli

Nasoma kwa heshima, lakini niseme kama mtu wa biashara. Mnunuzi anatazama kadi. Hata ukimwonesha unga wa muhogo kwenye chasisi, mwaka halali ni ulioandikwa kwenye kadi. Mnawachanganya watu bure, gari litakosa mteja.

#12 MtuWaShangani

Mkuu, kadi naiheshimu na sijamwambia mtu aiache. Kadi ndiyo inayokupa haki ya gari. Lakini chukua mtu aliyenunua gari langu kwa kufuata 1975. Anaenda dukani kuuliza giaboksi ya Series III, madishi ya klachi, bawaba, saa. Nusu ya vitu haviingii. Anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuza spea, na chanzo ni tarakimu moja kwenye karatasi.

Na mteja wa leo si yule wa zamani. Wapo watu wanaozitafuta hizi kuzirudisha kama zilivyotoka kiwandani, na hao wanalala chini kabla ya kutoa hela. Muuzaji anayejua gari lake ni la 1968 na ana picha za kuthibitisha anauza kwa bei nzuri zaidi ya mwenye kadi tu. Mwaka ukiwa umekosewa, peleka ushahidi mahali kadi ilipotolewa, uombe urekebishwe kwa utaratibu. Kitu kimoja tu sitaki kukisikia: mtu kugonga namba upya kwenye chasisi ili ifanane na kadi. Hilo ni kosa la jinai na linaua gari moja kwa moja.

#13 DadaWaMikindani

Habari zenu kaka zangu. Ninayo ya baba, amenikabidhi mimi kwa sababu ndugu zangu waliona ni chuma. Inakaa mita chache kutoka baharini na ncha yote ya mbele ya chasisi ilioza, ikakatwa, ikachomelewa bati nene. Namba haipo kabisa. Nifanyeje? Sitaki kuiuza, nataka nijue tu ni ya mwaka gani, na mzee yupo hai, ningependa ajue.

#14 MtuWaShangani

Dada yangu, hongera kwa kulitunza, na mpe mzee shikamoo yangu.

Usikate tamaa. Kwanza tafuta kibao cha chuma kilichopachikwa kwa ribiti, ndani ya kebini au chini ya boneti kutegemea toleo, chenye jina la kampuni na namba ya chasisi. Kikiwepo, linganisha na namba iliyo kwenye kadi. Hata kama kadi mwaka umekosewa, namba ya chasisi mara nyingi ilinakiliwa sawasawa, na tarakimu tatu za mwanzo zitakueleza yote niliyosema kule juu.

Kama kibao kimeng'olewa, kuna namba juu ya giaboksi na nyingine kwenye ekseli ya nyuma, juu, karibu na difu. Injini ina yake ubavuni, upande wa kushoto karibu na mkono wa egzosi. Kwa Series II na IIA mwanzo wa namba hizi unakaribiana na mpangilio wa chasisi, kwa hiyo ukikuta giaboksi na ekseli zote zinaanza na 25, ushahidi unajengeka. Hazikuwahi kuwa namba moja na chasisi, usihangaike kuzifananisha.

Tazama na vioo vya milango. Vingi ni vya kampuni ya Triplex, na kwenye maandishi yale madogo ya pembeni kuna nukta juu au chini ya herufi. Zinaonesha tarakimu ya mwisho ya mwaka na robo ya mwaka. Muongo haziusemi, ila wewe muongo utakuwa umeshaujua.

Ukipata namba kamili ya chasisi, makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, yanatunza daftari za kiwanda, na kwa malipo hutoa cheti kinachoonesha lini gari lilitengenezwa na lilipelekwa wapi. Hicho mzee anaweza kukitundika ukutani.

#15 LiwaleNjiaPanda

Naomba kutoka kidogo nje ya 109. Mimi nina Toyota Land Cruiser pikapu ya zamani, HJ45. Mafundi wanasema 1969.

#16 MtuWaShangani

Haiwezi, mkuu. Herufi H pale mwanzo ni injini ya dizeli ya H, silinda sita, na iliingia kwenye gari hizo mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kama chasisi yenyewe imegongwa HJ45, gari si la kabla ya hapo. Ingekuwa FJ45, ya petroli, ingeweza kurudi nyuma hadi miaka ya sitini. Toyota za wakati huo namba ya chasisi haina mwaka ndani yake, kwa hiyo unatumia njia hiyohiyo: kitu gani kwenye gari hili kilikuwa hakijatengenezwa bado mwaka huo?

Kwa wenye Peugeot 404 pikapu, najua Lindi zipo: gari dogo la 404 limeanza 1960 lakini pikapu imekuja 1967. Na Hilux ya kwanza ni 1968. Mtu akikuuzia Hilux ya 1965, mshukuru uondoke. Hizi zinastahili uzi wake, mwenye nazo aanzishe.

#17 KoroshoGhafi

Wakuu nimerudi. Nililala chini kama nilivyoelekezwa. Mafuta ya taa, brashi, unga. Namba imetoka safi kuliko nilivyotegemea, inaanza na 277. Taa ziko katikati na hakuna alama ya kuhamishwa. Waipa zina mota mbili juu ya kioo. Betri: hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, lakini kijana aliyefunga redio anasema aligeuza yeye. Saa ina ampea. Lucas: kiboksi cha chaji 64, stata 64, mota moja ya waipa 64, nyingine 70. Kadi ni hiyo niliyosema, 1971.

#18 UmemeWaGariLindi

Mota ya 70 ni ya kubadilishwa. Zile tatu ndizo zinazoongea. Huyo kijana mwambie kama dinamo ni ileile ya zamani aangalie kama aliipa mwelekeo mpya wa umeme, la sivyo chaji itakusumbua.

#19 MtuWaShangani

Mkuu, hongera. Una Series IIA, 109, dizeli, ya kabla ya mabadiliko ya 1967, na kwa ushahidi wa Lucas imetoka kiwandani mwishoni mwa 1964 au 1965. Mimi ningeandika 1964/65 mpaka cheti cha kiwanda kiseme vinginevyo. Baba yako alilitunza vizuri sana. Gari la umri huo lenye taa na waipa mahali pake, huku Tandahimba, sijaliona jingine.

Shoo usiibadilishe hata kama vijana watakuambia ya plastiki inapendeza. Na herufi ya mwisho ya namba hujaitaja. Itupie hapa kabla hujanunua hizo silinda za breki ulizoniuliza kule faragha.

#20 KoroshoGhafi

Ni B, mkuu. Silinda nimezisimamisha, namtumia muuza spea namba nzima jioni hii.